Mzio Wetu ni Ziwa

Mama yangu huamsha watu kwa kuwashika kidole gumba cha mguu. Hakuiti jina, hagongi mlango, hafungui dirisha kwa kishindo. Anakaa kwenye ukingo wa kitanda, anakishika kile kidole na kukibinya polepole mpaka ufumbue macho mwenyewe, kisha anaondoka bila neno. Nilikua nikidhani dunia nzima inaamshwa hivyo. Nilipokwenda bweni kidato cha kwanza, nikaamshwa kwa kipande cha reli kinachogongwa nje ya dirisha, nililia wiki nzima na wenzangu wakanibatiza mtoto wa mayai.

Kidole kilikuwa sehemu tu ya orodha ndefu. Watu wa upande wa mama ni wa Ilagala, karibu na pale Malagarasi inapoingia ziwani, na kwao kulikuwa na mambo ambayo hayafanywi. Usimpigie mtu kelele ukiwa nyuma yake. Usishindane mbio. Na kubwa kuliko yote, usiingie ziwani zaidi ya kifundo cha mguu. Ukitaka kuoga, chota maji kwa ndoo ujimwagie ukiwa mchangani. Mama aliuita mzio. Akichanganya na Kiha chake, umuziro. Koo nyingine haziruhusiwi kula mnyama fulani au samaki fulani. Sisi haturuhusiwi kuogelea, na tumezaliwa kando ya Tanganyika.

Niliuchukia mzio huo tangu nilipopata akili. Watoto wa majirani wanapiga mbizi, wanatoka na meno meupe na macho mekundu, na mimi nimesimama na kopo kama mgonjwa. Nilipokuwa na miaka kumi na sita niliingia ziwani kwa siri mara tatu. Nilijifunza kuelea, nikameza maji kiasi, nikatoka, nikakausha nywele kwa jua. Sikufa. Huo ndio ulikuwa ushahidi wangu wote, na niliutumia kwa zaidi ya miaka ishirini katika kila ugomvi na mama. Nikawa mwalimu wa Kiswahili, nikaolewa na dereva wa malori ambaye huwa nyumbani wiki moja kwa mwezi, tukajenga nyumba mtaa wa Rusimbi, na mama akaja kuishi nasi magoti yalipoanza kumsumbua. Orodha yake alikuja nayo.

Kwa hiyo nilipopata binti nilijiapiza kwamba huyu ataogelea. Nilisubiri mama aende Ilagala msibani, nikampeleka mtoto ufukweni. Alikuwa na miaka saba. Kufikia miaka kumi na mmoja alikuwa anaogelea vizuri kuliko watoto wote wa mtaa wetu, na mama alikuwa ameacha kunisemesha kuhusu jambo hilo. Alikuwa akituona tunatoka na taulo, anageuza uso. Nilidhani nimeshinda.

Jumamosi moja ya kiangazi, kama saa nne asubuhi, tulikuwa upande wa Ujiji. Nilikaa juu ya kanga nikisahihisha madaftari ya insha, maana mwalimu hana Jumamosi. Binti yangu na wenzake wawili walishindana kuogelea hadi kwenye mtumbwi uliofungwa hatua chache kutoka ukingoni. Sikusikia kelele yoyote. Niliinua macho kwa sababu tu nilikuwa nimemaliza daftari, nikaona vichwa viwili.

Mama mmoja aliyekuwa akisugua masufuria ndani ya maji alimfikia kabla yangu. Alimkuta amelala kifudifudi mahali ambapo maji yanafika kiunoni. Tulimlaza mchangani. Midomo ilikuwa ya kijivu, macho yamegeuka, mikono inatetemeka. Mtu akasema kifafa, na watu wote wakakubali mara moja. Kijiko kikaletwa kutoka kwenye yale masufuria, kikasukumwa katikati ya meno. Mwingine akaonya tusiguse povu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, madaftari ya watoto wa watu yanapeperuka ufukweni, na sikuweza kukumbuka hata dua moja. Halafu akafumbua macho, mwenyewe, akakitema kijiko.

Tulipofika nyumbani mama hakupiga kelele. Alinitazama, akasema, "Umemuua, Mungu kakurudishia. Usimjaribu tena."

Tulimpeleka zahanati, tukaeleza kilichoonekana, tukarudi na dawa za kifafa. Alizinywa miezi sita. Alinenepa, akawa mzito wa kufikiri, akashuka darasani kutoka wa tatu hadi wa thelathini na kitu. Na bado alianguka mara mbili. Mara ya kwanza tairi la lori lilipasuka barabarani tukiwa tunapita. Mara ya pili niliacha simu yangu karibu na kichwa chake, nayo ikalia kengele ya alfajiri. Kazi yangu ni kufundisha watoto kutafuta kiini cha habari, na mimi kiini cha habari kilikuwa kikilia mbele yangu nisikione. Nikienda kulala nilikuwa najiuliza swali moja tu: ataanguka lini tena, na atafumbua macho?

Mwishowe tukaenda hospitali kubwa, sisi watatu, kwa sababu mama alikataa kubaki. Tulimkuta daktari kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Mtwara. Ungemwona usingempa hata kazi ya kupima homa. Alimwamkia mama shikamoo, akauliza mambo ya kawaida, akijaza fomu. Umri. Uzito. Dawa anazotumia. Mimi ndiye niliyekuwa nikijibu yote, hata yale aliyomuuliza mtoto, maana binti yangu akiwa mbele ya wageni huinamisha kichwa na kusema "sijui."

"Ana mzio wowote?" daktari akauliza.

Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kusema hapana. Mama akaniwahi.

"Anao. Ziwa."

Mkono wa daktari ulishazoea kuandika jibu kabla ya kulisikia vizuri. Kwenye nafasi ya mzio akaandika ZIWA kwa herufi kubwa. Kisha akaitazama ile karatasi na kucheka.

"Bibi, nauliza kama kuna dawa inayomdhuru. Au chakula. Kitu ambacho akikigusa anawashwa, anavimba."

"Hawashwi," mama akasema. "Sisi mzio wetu ukiugusa unakufa."

Nilitaka ardhi ipasuke. Mimi mwalimu, mbele ya msomi mwenzangu, na mama anamwaga mambo ya Ilagala mezani. Nikamwambia, "Mama, hebu acha. Daktari anazungumzia mwili kukataa dawa." Nikageuka kuomba radhi. Kumbe kicheko cha daktari kilikuwa kimeshaisha. Alikuwa amesogeza kiti chake upande wa mama.

"Nani mwingine alikufa, Bibi?"

Siku zile nilikuwa nafundisha neno hilohilo darasani. Nilikuwa nimewaambia wanafunzi kwamba mzio ni hali ya mwili kukataa kitu, mfano karanga au sindano fulani, nikawapa alama. Sikuwaambia kwamba kabla ya hapo mzio ulikuwa kitu ambacho watu wenu wamekubaliana kukiacha ili wasidhurike. Nililijua, bila shaka. Niliona ni maana ya zamani, haina haja ya kupoteza chaki.

Mama alihesabu kwa vidole. Dada yake mkubwa, akivuka maji ya kiunoni akiwa msichana mzima. Mjomba wake, kaka wa mama yake. Huyo hakufa majini. Alikuwa amelala kitandani mchana wa mvua, radi ikapiga karibu na nyumba, wakamkuta hivyohivyo.

"Na mwanangu wa kwanza," akasema haraka, kama mtu anayepita mlango wa mtu anayemdai.

Sikuwahi kumsikia akimtaja kaka yangu mbele ya mgeni. Alikuwa na miaka kumi na minne, mimi mitano. Sikumbuki sura yake, nakumbuka miguu ya watu wakikimbia. Mama alikuwa amemtuma ziwani akaoshe beseni la muhogo. Mama mwenyewe alikuwa ndani akichekecha unga, mita chache tu kutoka maji yalipo, na chekecheo lina sauti yake. Aliposikia kitu, alisikia watu.

"Alikuwa hajui kuogelea?" daktari akauliza.

"Alijua. Alijifunza kwa kuniibia, kama huyu," akasema, na kidole chake kikanielekea mimi, wala si binti yangu. Kumbe zile mara tatu alizijua siku zote.

"Isije ikawa ni mamba."

"Mamba habagui ukoo, mwanangu."

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema mtoto apimwe umeme wa moyo, leo hii, kabla hatujaondoka.

Nilidhani umeme wa moyo ni namna ya kusema. Chumbani mle binti yangu alilazwa, akabanwa vibanio kwenye vifundo vya mikono na miguu, akabandikwa vitu baridi kifuani, na kijimashine kikaanza kutema karatasi ya waridi yenye vimiraba. Juu yake mstari: unaenda, unaruka juu, unashuka, unapanda kijilima kidogo, unatulia, unaruka tena. Daktari aliihesabu ile karatasi kwa ncha ya penseli, mraba kwa mraba. Akahesabu tena. Akaipiga picha kwa simu na kumtumia bingwa wa moyo Dar es Salaam, ambaye alipiga simu kabla hatujamaliza chai ya kantini.

Alituketisha, akatueleza. Moyo, alisema, una umeme wake wenyewe. Kila pigo ni cheche inayopita kwenye msuli, na baada ya kila pigo moyo lazima ujichaji upya kabla ya pigo linalofuata, kama simu, ila kwa muda usiofika hata nusu sekunde. Moyo wa mtoto huyu unachelewa kujaa. Kijilima cha mwisho kimekaa mbali. Siku za kawaida hakuna tatizo. Lakini akishtuliwa ghafla, au akiwa majini anaogelea kwa nguvu, moyo unalazimishwa kupiga kabla haujawa tayari, na badala ya kupiga unatetemeka tu. Damu haiendi. Mtu anazima. Mara nyingine moyo unajirudisha wenyewe. Mara nyingine haurudi.

"Hana kifafa," akasema. "Hajawahi kuwa nacho."

Nitasema ukweli: nilistaajabu mpaka nikasahau kuogopa. Nina miaka arobaini na sita na sikujua kwamba kifuani mwangu kuna kitu kinachowaka na kujijaza mara zaidi ya moja kila sekunde, tangu nikiwa tumboni mwa huyu mwanamke aliyekaa pembeni yangu, bila mtu kukikumbusha. Nikiwa nagombana, nikiwa nimelala, nikiwa napanga foleni ya maji. Niliweka kiganja kifuani nikakisikiliza kwa heshima ambayo sikuwahi kuipa hata misahafu.

Alisema tatizo hili huzaliwa nalo, hupita katika familia, kwa hiyo sote tupimwe. Mama akadai yeye ni mzee, moyo wake umebakiza kazi ndogo. Daktari akamwambia, "Nisaidie tu, Bibi, nijifunze," na hilo likamlainisha. Akalala mama, miaka sabini na mitatu, kanga mbili na soksi. Nikalala mimi. Mume wangu alipimwa wiki iliyofuata akiwa njiani kati ya safari mbili, na mstari wake ulikuwa wa kawaida kabisa, jambo ambalo hadi leo anajivunia isivyostahili.

Karatasi zetu tatu ziliwekwa mezani. Mpimaji alikuwa amesahau kuandika majina. Daktari akazigeuza, akazisogeza, akazipanga upya, akakuna kichwa. Hakuweza kusema ipi ya mama, ipi yangu, ipi ya mtoto. Kijilima kilekile, mbali vilevile. Nilizitazama tena. Sifanani na mama. Watu wote husema nimemchukua baba, pua hadi hasira. Na binti yangu hafanani na yeyote. Lakini ndani kabisa, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuchungulia, sisi watatu tulikuwa tumeandikwa kwa mwandiko mmoja.

Hapo nikakumbuka zile mara tatu ziwani. Nikakumbuka pia siku moja bweni, kile kipande cha reli kilipogongwa, nilivyoanguka kati ya vitanda. Matroni alisema ni njaa na mimi nilikubali, kwa sababu njaa ilikuwepo.

Daktari alimgeukia mama. "Nani aliwaambia kuhusu maji na kelele?"

"Bibi yangu. Naye aliambiwa."

"Kuna vidonge vya kuutuliza moyo, hivyo hamkuwa navyo," akasema. "Lakini kabla ya vidonge, maneno ya kwanza tunayofundishwa kumwambia mgonjwa wa namna hii ni hayohayo. Asiogelee. Asishindane. Asiamshwe kwa kishindo." Akatikisa kichwa. "Mimi nilikaa darasani miaka mingi kuyajua."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria mwanamke mmoja nisiyemjua. Labda alikuwa mwanamume, ila mimi namwona mwanamke. Aliishi ufukwe huu kabla ya bibi wa mama, hakuwa na karatasi ya waridi wala penseli. Alizika mtu aliyekufa majini, akazika mwingine aliyekufa kitandani, na akathubutu kuyaweka pamoja mambo mawili ambayo mtu yeyote angesema hayahusiani. Majirani lazima walitaja mamba, wakataja mchawi. Yeye akatazama watoto wake waliobaki, akatunga njia ya kuwaamsha kwa kidole cha mguu. Sijui alipoteza wangapi kabla ya kuelewa. Mimi niliyesoma nilipoteza miezi sita na karibu nipoteze mtoto.

Basi ningependa kusema tulitoka pale tukiwa na furaha. Mama ndiye aliyeharibu, au tuseme ukweli ndio ulioharibu. Daktari alikuwa anaeleza jinsi ugonjwa unavyorithiwa, kwamba mzazi akiwa nao kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Alieleza kwa upole, kwa mfano wa sarafu. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo si ziwa," akasema.

"Si ziwa, Bibi."

"Ni mimi."

Daktari aliruka kusema hapana, si kosa la mtu, hata mama alirithishwa. Alishachelewa. Mama alikuwa ameshajifunika kanga hadi puani. Kwa miaka arobaini na zaidi alikuwa na wa kumlaumu, ziwa kubwa, la buluu, lisilojibu. Tuliingia kwa daktari mama akiwa mtu aliyeibiwa mtoto na ziwa. Tukatoka akiwa ameambiwa kwamba kilichomchukua mtoto kilitoka tumboni mwake.

Tulipewa vidonge, asubuhi na jioni, sote watatu, maisha. Tulipewa kadi ya kuonyesha kila zahanati, maana kuna dawa nyingine za kawaida, hata baadhi za malaria, ambazo kwa moyo wa aina yetu ni sumu. Chini ya neno mzio kulikuwa na orodha ya dawa kumi na kitu, na juu yake daktari alikuwa ameliandika tena lile ziwa la mama kwa herufi zake kubwa. Alituonya kitu kimoja kwa mtoto, tena alikirudia: asiache vidonge hata siku moja. Ulinzi wake wote uko hapo.

Mama alivitia vyake kabatini, nyuma ya chupa za mawese, akavisahau kwa makusudi. Nikimkumbusha ananiambia, "Mimi vya nini? Kazi yangu nimeshaifanya." Hilo ningelivumilia. Lililoniuma ni kwamba aliacha kumwamsha mtoto. Alfajiri anapita mlangoni kwake bila kuingia. Hakumsuka tena nywele. Mtoto akikaa karibu naye, mama anahama, kana kwamba kuna kitu bado kinaweza kutoka kwake na kumwingia. Nikawa naamsha mimi, na mimi sina mkono ule. Binti yangu alisema nabinya kama kaa.

Miezi miwili baadaye nilikuwa natafuta viatu vyake vya michezo, ambavyo havina kazi tena, nimpe mtoto wa jirani. Vidonge vilimwagika kutoka kwenye kiatu cha kushoto. Tisa.

Jaribuni kugombana kwa kunong'ona. Katika nyumba yetu hakuna tena kupayuka, na mimi hasira zangu ni za kupayuka. Nilimkalisha kitandani, nikamshika mikono yote miwili, nikamnong'oneza mambo mazito huku machozi yananitiririka. Alinisikiliza, kisha akanijibu kwa sauti ileile ya chini.

"Bibi hanywi. Bibi ni mzee na hafi. Na yeye ndiye alinipa."

Maneno hayo ya mwisho alikuwa ameyasikia kwa bibi yake mwenyewe. Nyumba yetu ina kuta nyembamba na mama huongea peke yake akisali.

Sikulala vizuri siku hiyo wala iliyofuata. Nilivihesabu vidonge, nikamsimamia mtoto akimeza, nikamkagua chini ya ulimi kama askari magereza. Lakini nilijua siwezi kumsimamia maisha yake yote. Mtoto anafuata anachokiona, na alichokiona ni bibi yake anayempenda kuliko mimi akikataa dawa ileile. Nilitaka kumwendea mama nimwambie, utamuua. Nilimeza maneno hayo mara tatu. Aliwahi kuniambia mimi, na alikuwa na haki. Yeye angeyapokea kwa namna ambayo asingeinuka tena.

Jumapili hiyo mama alinunua dagaa wabichi, akawatandaza uani juu ya wavu. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mchele. Binti yangu alitoka bila kuitwa, akachuchumaa upande wa pili wa wavu, akaanza kugeuza dagaa pamoja naye. Mama hakuhama. Labda magoti yalimkatalia. Waligeuza mpaka nusu ya wavu.

Halafu mama akauliza, bila kuinua kichwa, "Siku ile majini. Uliona nini?"

Nikaacha mchele. Watu wote tulikuwa tumeisimulia habari ya siku ile: mimi, yule mama wa masufuria, watoto wenzake, jirani ambaye hata hakuwepo. Daktari alimuuliza na mimi nikajibu. Hakuna mtu aliyewahi kumwacha asimulie mwenyewe.

"Sikuona kitu, Bibi."

"Uliogopa?"

"Sikuwahi. Nilikuwa nacheka, maana nilikuwa nawashinda. Nikasikia moyo umefanya hivi," akapepesa vidole vyake vyenye magamba ya dagaa, "halafu basi. Halafu nikasikia kijiko mdomoni."

"Hukumeza maji?"

"Hapana."

"Hukuita?"

"Kumwita nani?"

"Mama yako. Watu. Hukuita mtu?"

Binti yangu alifikiri. Ni mtoto anayependa kujibu sawasawa.

"Hapana, Bibi. Sikujua kama nazama. Nilikuwa nacheka tu."

Mama alikaa chini, palepale kwenye vumbi, miguu ameinyoosha mbele kama msichana. "Mawe," akasema, hivyo tunavyomwita mama tukizidiwa. "Mwana wanje. Mwanangu. Mimi miaka yote hii namsikia ananiita."

Mtoto hakujua anazungumziwa nani. Mimi nilijua ni kaka yangu. Niliona mikono ya mama imelala juu ya mapaja, viganja juu, na uso wake umeelekea upande wa ziwa ingawa ukuta wa jirani unalikinga. Hakulia. Alikuwa anasikiliza. Alisikiliza muda mrefu, mdomo wazi kidogo, na sikujua kama anasikia kitu au hasikii.

Kisha akanyoosha mkono, akamshika mjukuu wake kidole gumba cha mguu, akakishikilia.

"Wewe mwalimu," akaniita, hatazami nilipo. "Vile vidonge vyangu viko nyuma ya mawese. Vilete, na maji. Lete na vya huyu."